Nusu Saa ya Moto Yaitosha Pale Ale

Karibu kila kitabu cha Kimarekani au Kiingereza kinachofundisha kupika bia nyumbani kinatoa agizo moja: maji ya kimea yachemke saa nzima. Hopsi za uchungu hutiwa mchemko unapoanza, za ladha hutiwa zikisalia dakika kumi na tano, na za harufu huingia sufuriani moto unapozimwa. Ratiba hii imerudiwa mno hata wengi hawaiulizi tena sababu yake. Kwa bia nyingine sababu ipo na ni nzito. Kwa pale ale, ile bia ya rangi ya dhahabu iliyokoza inayonukia machungwa na majani ya msonobari, naona saa hiyo ni mazoea tu. Kadiri hopsi zinavyosogezwa kuelekea mwisho wa mchemko, na ndivyo bia hii inavyotaka, nusu saa ya mwanzo inabaki bila kazi, huku gesi ikiendelea kuwaka.

Hopsi zenyewe msomaji wa kwetu huziona zaidi kwenye lebo ya chupa kuliko shambani. Ni maua ya mmea mtambaazi unaopenda siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta: Kent huko Uingereza, Hallertau huko Ujerumani, bonde la Yakima katika jimbo la Washington. Ndani ya ua mna tezi za unga wa njano zenye vitu viwili vinavyohusika hapa, yaani asidi za alfa, ambazo ni chanzo cha uchungu, na mafuta yanayonukia. Anayeijua mbege ya Wachaga anajua kwa nini pombe ya nafaka hutafutiwa uchungu, kwa sababu gome la msesewe hutiwa humo kukata utamu wa ndizi na ulezi. Hopsi huukata utamu wa shayiri kwa namna hiyo, lakini zina sharti. Asidi ya alfa ikiwa mbichi haiyeyuki vizuri majini na uchungu wake haufiki mbali. Inataka joto ili molekuli zake zijipange upya na kuwa iso-alfa, na hapo ndipo ulimi huanza kuisikia. Saa nzima ya mchemko imejengewa hoja juu ya badiliko hilo kuliko juu ya jambo lingine lolote.

Swali basi ni badiliko hilo linachukua muda gani. Mwaka 2005 Mark Malowicki na Thomas Shellhammer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walichapisha vipimo vya kasi yake katika nyuzi mbalimbali za joto. Walichokionyesha ni kwamba kasi hufuata kiasi kilichobaki: asidi ikiwa bado nyingi, kila dakika hubadilisha nyingi, na ikishapungua, kila dakika huvuna kidogo kuliko iliyotangulia. Fomula ya Glenn Tinseth, inayotumiwa na wapikaji wa nyumbani tangu miaka ya 1990, inatoa picha hiyohiyo kwa namba za jikoni. Kwa maji ya kimea yenye uzito wa 1.050 ukilinganishwa na maji matupu, ambao ndio wa pale ale ya kawaida, hopsi zilizochemka dakika 60 hugeuza kama asilimia 23 ya asidi zake kuwa uchungu. Zilizochemka dakika 30 hutoa karibu asilimia 18. Nusu ya muda imeleta zaidi ya robo tatu ya mavuno. Ukiurefusha mchemko hadi dakika 90 hufikishi hata asilimia 25. Sasa tuchukue lita 20 za bia na hopsi za Cascade zenye asidi ya alfa asilimia 6. Gramu 30 zikichemka saa nzima huleta vipimo 21 hivi vya uchungu. Kwa nusu saa, uchungu huohuo unahitaji gramu 39. Tofauti ni gramu tisa za maua makavu.

Upande wa pili wa mizani ni moto, na hapa hesabu ni ya fizikia ya sekondari. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula kilojuli 2,257. Sufuria ya nyumbani inayotokota vizuri hupoteza kama lita nne kwa saa, kwa hiyo nusu saa ya ziada ni lita mbili za mvuke, na lita mbili za mvuke ni kilojuli 4,500, sawa na uniti moja na robo ya umeme, kabla ya kuhesabu joto linalopotelea pembeni mwa jiko. Linganisha na kazi ya kuyafikisha maji kwenye mchemko. Lita 22 zinazotoka kwenye kimea zikiwa na nyuzi 65 zinahitaji kilojuli 3,200 hivi kufika nyuzi 100. Kwa maneno mengine, hiyo nusu saa tunayoibishania inakula nishati zaidi ya safari nzima ya kuyachemsha. Viwanda vimelijua hili siku nyingi. Tangu mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970 vimekuwa vikifupisha mchemko na kubana mvuke, kwa sababu kwao kila asilimia ya maji yanayopaa ni fedha inayotoka kwenye dohani. Ajabu ni kwamba mpikaji wa nyumbani, ambaye sufuria yake hupoteza sehemu kubwa ya maji kuliko mtambo wowote wa kisasa, ndiye anayeshikilia utaratibu ambao kiwanda kimeuacha.

Utaratibu huo ulitoka wapi, basi? Uingereza iliacha kudai leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani iliiruhusu kazi hiyo kwa sheria ya shirikisho aliyoitia saini Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, na mwaka huohuo chama cha wapikaji wa nyumbani kikaanzishwa Boulder, Colorado. Waliojifunza wakati huo hawakuwa na pa kuangalia isipokuwa utaratibu wa viwanda, na hopsi nyingi za zama hizo zilikuwa na asidi chache: Fuggle na Goldings za Kiingereza huwa na asilimia nne au tano hivi. Ukiwa na malighafi dhaifu, kukamua kila chembe kwa muda mrefu kuna mantiki. Lakini Citra, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 2000, huwa na asilimia 11 hadi 13. Malighafi ikiwa kali mara mbili au tatu, upungufu wa robo katika kukamua haumwumizi mtu. Ratiba ya hopsi dhaifu imerithiwa na watu wenye hopsi kali, na sijaona wengi wakiihoji.

Pale ale yenyewe nayo imebadilika. Ile ya mji wa Burton upon Trent, Uingereza, ya karne ya 19 ilijulikana kwa ukavu na uchungu wake. Ile ambayo wapikaji wengi wa nyumbani wanaiiga leo ni ya Kimarekani, na historia yake inaandikika kwa mstari mmoja: Cascade ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972, Anchor ya San Francisco ikapika Liberty Ale mwaka 1975, na Sierra Nevada ya Chico, California, ikaanza kupika pale ale yake mwaka 1980. Kinachofanya bia hizi zitambulike hata kabla ya kuonjwa ni harufu, na harufu imo katika yale mafuta, ambayo mvuke huyabeba upesi. Mpishi hatii giligilani kwenye mchuzi tangu kitunguu kinapokaangwa, kwa sababu hiyohiyo. Hopsi zilizochemka saa nzima huwa zimeacha uchungu na karibu hakuna kingine. Zilizotiwa zikisalia dakika kumi huacha sehemu ya harufu, na juu yake huacha uchungu ambao ratiba ya zamani huuhesabu kama nyongeza ndogo. Si ndogo. Gramu 60 za Cascade ile ya asilimia 6, zikichemka dakika kumi katika lita 20, huleta vipimo 15. Anayemimina hopsi nyingi mwishoni, kama kila mpenzi wa bia hizi anavyofanya, tayari ana nusu ya uchungu anaoutaka bila kugusa mwanzo wa mchemko. Kinachobaki kujaziwa ni kidogo, na nusu saa inakijaza.

Watetezi wa saa nzima watasema kuchemsha hakuhusu uchungu peke yake, nao wana haki. Mchemko huua vijidudu, hugandisha protini, hufukuza harufu mbaya na hukoleza maji. Vijidudu tuviache upesi: chachu za porini na bakteria wa maziwa hawavumilii dakika chache za nyuzi 100, na mbegu za bakteria zinazostahimili joto hazifi kwa nusu saa wala kwa saa nzima, bali huzuiwa kuota na ukali na uchungu wa bia yenyewe. Protini zinahitaji maelezo zaidi kidogo. Maji ya kimea yanapoanza kutokota hutoa povu kubwa, kisha povu hilo hukatika na vipande kama mayai yaliyovurugwa huanza kuelea. Hicho ndicho kinachotakiwa, na kwa mchemko wenye nguvu sehemu kubwa yake huonekana katika dakika 15 au 20 za kwanza. Mpikaji anayetaka bia angavu zaidi hutia mwani uliokaushwa dakika kumi kabla ya kuzima, na karajini iliyomo huzikusanya zilizobaki. (Ni kitu cha jamii ileile kinachofanya mwani wa Zanzibar ununuliwe na viwanda vya nje.) Kuchemsha zaidi ya hapo si faida tupu, maana protini hizohizo ndizo zinazoshikilia povu ndani ya glasi. Kuhusu rangi na kukoleza, bia nzito nyeusi inanufaika na moto mrefu. Pale ale inatakiwa ibaki hafifu kwa rangi.

Pingamizi la kweli ni lile la harufu ya mahindi ya kuchemsha, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Shayiri inapooteshwa kuwa kimea hujitengenezea kiambata ambacho joto hukivunja na kutoa dimethili salfaidi, gesi yenye harufu ya mahindi au kabichi iliyopikwa. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 37 tu, kwa hiyo ndani ya sufuria iliyo wazi inayotokota haina pa kujificha. Shida ni kitangulizi chake, yaani kile kiambata. Katika mchemko nusu ya kitangulizi huvunjika kila baada ya dakika 40 hivi, na maana yake ni kwamba baada ya nusu saa asilimia 60 bado ipo, wakati baada ya saa nzima inabaki asilimia 35. Moto ukizimwa, kilichobaki huendelea kuvunjika katika maji ya moto yasiyotoa tena mvuke, na harufu hunasa. Mtu akiziangalia namba hizi peke yake atasema mjadala umekwisha na saa nzima imeshinda. Lakini asilimia 60 ya kitu gani? Kitangulizi hicho huvunjika pia kiwandani, kimea kinapokaushwa kwa hewa ya moto. Kimea cha pilsner humaliziwa kwenye nyuzi 80 na kidogo ili kibaki cheupe, nacho hutoka na akiba kubwa. Kimea cha pale ale humaliziwa kwenye nyuzi zaidi ya 90, na ndiyo sababu ya rangi yake ya dhahabu na ladha yake ya ganda la mkate. Joto hilo huwa limekwisha kuangamiza sehemu kubwa ya kitangulizi kabla gunia halijafungwa. Asilimia 60 ya akiba ndogo ni ndogo. Hata uchachukaji wenyewe husaidia, kwa kuwa bia za aina ya ale huchachuka kwenye joto na kwa nguvu, na gesi ya kaboni inayopanda huondoka na sehemu ya kilichosalia.

Kwa hiyo hoja hii ina mpaka, nao ni gunia. Anayepika kwa kimea cha pilsner, hata kama bia yake ataiita pale ale, aendelee na saa yake au dakika tisini, na hana sababu ya kunisikiliza. Anayetumia kimea cha pale ale atimize masharti matatu ambayo kwa kweli yanaihusu ratiba yoyote: sufuria iwe wazi, mchemko uwe wa kutokota na si wa kuchemka kwa aibu, na moto ukizimwa maji yapozwe haraka. Na anayetumia kimea kilichokwisha kukamuliwa na kuuzwa kikiwa shira au unga, ambaye ni mwanafunzi wa kawaida wa kazi hii, yuko huru zaidi ya wote. Shira hiyo ilipunguzwa maji kwa moto kiwandani, na harufu ya mahindi iliachwa hukohuko. Kumwambia achemshe saa nzima ni kumfanya arudie kazi aliyoilipia.

Wengine watapinga kwa mfuko. Hopsi ni ghali, hasa nje ya nchi zinazozilima, na ratiba inayozisogeza mwishoni huzitumia kwa wingi. Hili ni kweli kwa anayekwenda hadi mwisho wa njia hiyo. Mtu akitaka vipimo 38 vya uchungu kwa hopsi za dakika kumi tu, Cascade pekee itamdai gramu 150 kwa lita 20, na maua mengi kiasi hicho hunyonya bia mara kadhaa ya uzito wake na yanaweza kuacha ladha ya nyasi iliyokatwa. Siwezi kuipendekeza. Ndiyo maana nasema nusu saa na sisemi dakika kumi, ingawa wapo wanaotetea hata hizo. Nusu saa huacha nafasi ya kutia hopsi kidogo zenye asidi nyingi mwanzoni, na hapo gharama huporomoka: gramu 20 za hopsi za asilimia 12 huleta vipimo 21, gramu 40 za Cascade zikisalia dakika kumi huleta vipimo 10, na tayari unayo bia yenye uchungu wa pale ale. Za harufu hutiwa baada ya maji kupozwa hadi nyuzi 80 na kuachwa dakika ishirini. Katika joto hilo, kwa vipimo vya Oregon, badiliko la asidi huenda kwa kasi ya kama moja ya sita ya ile ya mchemko, kwa hiyo uchungu huongezeka kidogo na mafuta hayachukuliwi na mvuke.

Namba zote hizi ni makadirio, na hapo ndipo mkosoaji makini anaweza kunibana. Fomula ya Tinseth haijui sufuria yako, wala haihesabu uchungu unaoendelea kuzaliwa baada ya moto kuzimwa. Haijui pia unaishi mwinuko gani. Boulder, ambako chama cha Wamarekani kilizaliwa, iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nairobi ni karibu nyuzi 94. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini unatosha kupunguza kasi ya badiliko kwa theluthi moja au zaidi, na huko juu nusu saa huleta theluthi mbili tu za uchungu wa saa nzima badala ya robo tatu. Dawa yake ni gramu chache za ziada. Nionavyo mimi, mwinuko unaidhoofisha ratiba ya saa nzima kuliko unavyoidhoofisha ya nusu saa, kwa sababu unaonyesha kwamba agizo la dakika 60 halikuwa kipimo kamwe. Mpikaji wa San Francisco na wa Boulder wakilifuata neno kwa neno hupata bia mbili tofauti, na vitabu huwaambia wote kwamba wamefuata sawa.

Yako marekebisho mawili ya kufanya kwa anayebadili ratiba, nayo ni ya hesabu tu. Maji ya kuanzia yapungue kutoka lita 24 hadi 22, kwa kuwa lita mbili hazitapaa tena. Na kwa kuwa maji ya kusuuzia kimea yatapungua vilevile, sukari kidogo itabaki kwenye makapi, kwa hiyo kimea kiongezwe kiganja au viwili. Vitabu navyo vingefanya vyema kuandika asidi ya alfa ya hopsi na uchungu unaolengwa mbele ya kila maelekezo ya kupika pale ale, kisha dakika zifuate. Na vikitaka kuziacha dakika zibaki 60, vieleze zile 30 za kwanza zinafanya nini ndani ya sufuria ambayo gramu zake nyingi za hopsi bado ziko mezani.